Lilikuwa na Lingalikuwa: Mistari ya Grafu katika Historia ya Ziwa Victoria

Sisi wanafunzi wa historia tumefundishwa kulihoji kila andiko. Tunauliza limeandikwa na nani, lini, kwa nia gani, na kama mwandishi aliyaona mambo kwa macho yake au alisimuliwa. Lakini tukifika kwenye ukurasa wenye grafu, maswali hayo husinzia. Tunautazama mstari ukipanda na kushuka, tunaamini, tunafungua ukurasa unaofuata. Katika insha hii nitaonyesha kwamba mstari wa grafu nao ni kauli, na kwamba mtindo wake, yaani kuwa mzima, wa vipande au wa vitone, ni sehemu ya kauli hiyo.

Mfano wangu ni ziwa tunaloishi kando yake hapa Kampala. Waganda huliita Nalubaale. Ramani huliita Victoria. Nimelichagua kwa sababu usawa wa maji yake umepimwa kwa zaidi ya miaka 120, na kwa sababu grafu zake zimewahi kuamua mambo makubwa: maji kiasi gani yaende Misri, umeme kiasi gani uje Kampala, na nani alaumiwe ziwa lilipopungua.

Hoja yangu ni nyepesi kwa yeyote anayejua sarufi ya Kiswahili. Kitenzi chetu hakikubali kusema bila kutaja hali ya jambo. “Ziwa lilikuwa” ni habari ya jambo lililotokea. “Ziwa lingalikuwa” ni habari ya jambo ambalo halikutokea, lakini lilikuwa na njia ya kutokea. “Ziwa litakuwa” ni utabiri. Mitindo ya mistari hufanya kazi ya viambishi hivyo. Mchoraji makini hutumia mstari mzima kwa -li-, mstari wa vipande kwa -ngali-, na mstari wa vitone kwa -ta-. Programu ya kompyuta haijui sarufi hiyo. Huigawia mistari mitindo kwa zamu, kama mtu anayegawa karata. Hapo ndipo historia inapoweza kupotoshwa bila mtu yeyote kusema uongo.

Alama zisizounganishwa

Vipimo vya kila mara vya usawa wa ziwa vilianza mwaka 1896 huko Entebbe, miaka miwili tu baada ya Uingereza kuitangaza Uganda kuwa nchi chini ya himaya yake. Baadaye kipimo cha Jinja ndicho kilichokuwa rejea kuu. Kifaa chenyewe ni ubao wenye alama za urefu uliosimamishwa majini. Mtu huusoma na kuandika tarakimu daftarini. Sifuri ya ubao wa Jinja si sakafu ya ziwa wala usawa wa bahari. Ni alama iliyochaguliwa ili kila siku ilinganishwe na siku nyingine. Kwa hiyo ninaposema hapa kwamba ziwa lilikuwa mita 12, sizungumzii kina chake. Nasema maji yaligusa alama ya 12 kwenye ubao huo.

Kabla ya 1896 hakukuwa na ubao, lakini hatupo gizani kabisa. John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko ya Ripon mwaka 1862. Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875. Wamishenari wa kwanza wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Kutokana na maandishi ya watu wa namna hiyo, watafiti wamehitimu kwamba ziwa lilisimama juu mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha likashuka.

Habari hizo zina thamani, lakini si za aina moja na tarakimu za ubaoni. Je, mtu anayetaka kuziweka kwenye grafu moja afanye nini? Akiziunganisha kwa mstari na vipimo vya 1896, anadai kujua miaka yote ya katikati. Mstari kati ya 1862 na 1875 ni ushuhuda wa miaka 13 ambayo hakuna aliyeishuhudia. Njia ya haki ni kuziweka kama alama peke yake, kwa mfano viduara vilivyo wazi katikati, na kuanza mstari pale ubao ulipoanza. Kiduara kilicho wazi humwambia msomaji: huyu alikadiria. Kiduara kilichojazwa humwambia: huyu alipima. Kwa alama mbili tu, mchoraji amefanya uhakiki wa vyanzo ambao sisi huufanya kwa aya nzima.

Mistari miwili kwenye fremu moja

Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alichapisha utafiti ulioulinganisha usawa wa ziwa na idadi ya madoa yanayoonekana kwenye jua. Kwa miaka ya tangu mwisho wa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, mambo hayo mawili yalipanda na kushuka pamoja kwa namna ya kushangaza. Ilionekana kama kwamba jua limetoa ufunguo wa mto Naili. Miaka michache iliyofuata uhusiano ule ulivunjika. Ziwa likaenda njia yake, na madoa yakaenda yake.

Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha nguvu ya fremu. Mistari miwili ikikaa pamoja ndani ya mhimili mmoja, jicho huifunga ndoa kabla akili haijauliza mahari. Na ikiwa mistari hiyo imechorwa kwa mtindo uleule, unene uleule na alama zilezile, msomaji huiona kama ndugu. Mchoraji anayetaka kumlinda msomaji wake huanza kwa kuitofautisha. Kamati ya Marekani iliyokutana kuweka kanuni za grafu, ikiongozwa na Willard Brinton, ilitoa taarifa yake mwaka 1915, na miongoni mwa kanuni zake ni kwamba mistari ya habari itofautishwe waziwazi na mistari ya gridi. Tayari wakati huo watu walijua kwamba aina ya mstari si urembo.

Mstari uliokuwa sheria

Kabla ya bwawa, maji yalitoka ziwani kwa kupita juu ya mwamba wa Ripon, Jinja. Ziwa likiwa juu, maji mengi yalitoka. Likiwa chini, machache. Mwamba ulikuwa mlinzi asiyehongeka. Serikali ya Uingereza ilipotaka kujenga bwawa la umeme la Owen Falls, Misri ilikuwa na hofu ya haki: nani atashika bomba la Naili? Kwa barua walizobadilishana kati ya 1949 na 1953, pande hizo mbili zilikubaliana bwawa lijengwe, na mhandisi wa Misri akae Jinja kuangalia maji yanayotolewa. Malkia Elizabeth II alilifungua bwawa tarehe 29 Aprili 1954. Maporomoko ya Ripon yakazama.

Mwamba ulipozama, nafasi yake ilichukuliwa na grafu. Wahandisi walikuwa wamepima kwa miaka mingi uhusiano kati ya usawa wa ziwa na kiasi cha maji yanayotoka. Wakauchora kama mstari uliopinda, na ikakubalika kwamba bwawa litoe kiasi kilekile ambacho mwamba ungalitoa. Nitauita Mstari wa Makubaliano. Unaweza kuandikwa kwa fomula: toa 7.96 kwenye usawa wa ziwa wa Jinja, pandisha jibu kwa kipeo cha 2.01, kisha zidisha kwa 66.3. Kinachopatikana ni mita za ujazo za maji kwa sekunde. Ziwa likiwa kwenye alama ya mita 11, mstari unaruhusu takribani mita za ujazo 620 kwa sekunde. Likiwa mita 12, takribani 1,100. Likifika 13.4, karibu 2,000.

Tafakari maana yake. Hii ni grafu isiyoeleza kilichotokea. Inaamuru kitakachotokea. Na kiini chake ni “ungalitoa”: maji ambayo mwamba ungalitoa kama bado ungekuwapo. Tangu 1954, basi, ziwa letu limeishi chini ya sheria iliyoandikwa kwa -ngali-.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata ziliujaribu mstari huo mapema. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa takribani mita mbili na nusu, likafika 13.41 kwenye ubao wa Jinja. Vipimo vya mwamba vilivyotumika kuuchora mstari havikuwahi kufika huko. Ikabidi mstari uendelezwe juu kwa majaribio na hesabu. Sehemu ya chini ilitokana na maji yaliyopimwa. Sehemu ya juu ilitokana na makisio ya kitaalamu. Ukiichora leo kwa mtindo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka huo unafutika.

Kiangazi cha 2006

Karibu na mwaka 2000 bwawa la pili, Kiira, lilianza kazi pembeni mwa lile la kwanza, ambalo sasa linaitwa Nalubaale. Mitambo iliongezeka, maji ya ziwa ni yaleyale. Miaka ya 2004 hadi 2006 mvua zilikuwa haba, na ziwa likashuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Kampala ikaingia katika mgao mkali wa umeme. Mitaa mingi ilikuwa na siku ya mwanga na siku ya giza. Jenereta za dizeli zikaletwa. Mialoni, boti zilikaa kwenye tope mbali na gati, kuanzia Port Bell mpaka Mwanza na Kisumu.

Ni nani aliyelipunguza ziwa? Serikali ilisema ukame. Mwezi Februari 2006 mtaalamu wa maji Daniel Kull alitoa ripoti iliyochapishwa na shirika la International Rivers Network. Alidai kwamba mabwawa yalikuwa yametoa maji mengi kuliko Mstari wa Makubaliano unavyoruhusu, na kwamba zaidi kidogo ya nusu ya upungufu wa miaka miwili ilitokana na maji hayo ya ziada. Mwaka uliofuata, J. V. Sutcliffe na G. Petersen walichapisha katika jarida la kisayansi mfululizo mpya wa usawa wa ziwa. Haukuwa mfululizo wa ziwa lilivyokuwa. Ulikuwa wa ziwa lingalivyokuwa, kama mabwawa yangaliufuata mstari wa 1954 siku zote.

Hoja yote ya mgogoro ule inaweza kuwekwa kwenye grafu moja yenye mistari miwili: usawa uliopimwa na usawa uliohesabiwa. Nafasi tupu kati ya mistari hiyo ndiyo hatia. Kama hakuna nafasi, mkosaji ni mbingu. Kama nafasi ni pana, mkosaji ni mkono wa binadamu. Lakini nafasi hiyo ina maana tu kwa msomaji anayejua ni mstari upi ulitokea na upi haukutokea.

Programu inavyogawa karata

Hapo zamani mchoraji alilazimika kuamua. Kuchora mstari wa vipande kwa kalamu ya wino na rula ni kazi ya kuchosha: unagusa, unainua, unagusa, unainua. Hakuna anayefanya hivyo kwa bahati mbaya. William Playfair, aliyechapisha London mwaka 1786 kitabu chenye grafu za biashara ya Uingereza, alikuwa na mistari iliyotiwa rangi kwa mkono, nakala baada ya nakala. Kila tofauti ilikuwa na gharama, kwa hiyo ilikuwa na sababu.

Kompyuta ziliondoa gharama hiyo, na pamoja nayo zikaondoa sababu. Lotus 1-2-3 ilitoka mwaka 1983, Excel mwaka 1985, gnuplot mwaka 1986. R ilianzishwa Auckland, New Zealand, na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika miaka ya 1990. Zote zina kitu kinachoitwa chaguo-msingi: uamuzi ambao programu huufanya ukinyamaza. Na wengi wetu hunyamaza.

Machaguo-msingi haya hukosea kwa njia mbili tofauti. Njia ya kwanza ni ya Excel. Katika matoleo ya miaka ya karibuni, mistari yote huchorwa mizima, na hutofautishwa kwa rangi tu, ambazo hadi mwaka 2023 zilianza na bluu, machungwa, kijivu. Kilichotokea na kisichotokea huvaa nguo ya kitambaa kimoja. Kisha grafu hupelekwa Wandegeya kupigwa fotokopi, kwa sababu kuchapa kwa rangi ni ghali kwa mwanafunzi. Rangi ya machungwa na kijivu hutoka karibu sawa. Msomaji wa nakala hiyo anabaki na mistari miwili ya rangi ya majivu na ufunguo usiofungua kitu.

Njia ya pili ni ya R. Amri yake ya matplot, ukiiambia ichore mistari, huupa mstari wa kwanza mtindo mzima, wa pili vipande, wa tatu vitone, kwa kufuata mpangilio wa safu katika jedwali lako. Matoleo ya zamani ya gnuplot nayo, yakitayarisha grafu isiyo na rangi kwa ajili ya mashine ya kuchapa, yaliweza kugawa vipande na vitone kwa zamu vivyo hivyo. Inaonekana ni msaada, na kwa fotokopi ni msaada kweli. Lakini tazama kinachotokea kwa ziwa letu. Chukua jedwali lenye safu mbili, moja ikiitwa “asilia”, yaani usawa uliohesabiwa, na nyingine ikiitwa “iliyopimwa”. Zipange kialfabeti, kama watu wengi wanavyofanya. A hutangulia I. Programu itaupa usawa uliohesabiwa mstari mzima, na usawa uliopimwa mstari wa vipande. Tarakimu hazijaguswa hata moja, lakini sarufi imegeuzwa: lingalikuwa limekuwa lilikuwa.

Ili kuliona jambo hili kwa vitendo, nilichora grafu tatu za ziwa kwa tarakimu zilezile za machapisho niliyosoma maktabani, nikamwonyesha rafiki yangu aliyekulia Ggaba, ambaye hasomi historia wala takwimu. Grafu ya kwanza ilikuwa na mistari miwili mizima. Akauliza, “Kwani hili la juu ni ziwa lingine?” Ya pili ilikuwa na mstari mzima kwa usawa uliopimwa na wa vipande kwa uliohesabiwa. Akaweka kidole kwenye vipande, akasema, “Hapa ndipo lingefika.” Ya tatu ilikuwa imegeuzwa kama nilivyoeleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Kwa hiyo hawakuwa na uhakika kwamba lilishuka?”

Swali hilo la tatu ndilo linalonifanya niandike. Watu wa Ggaba waliliona ziwa likishuka. Walizivuta boti topeni. Grafu ya tatu, bila neno moja la uongo, iliugeuza ushuhuda wao kuwa makisio.

Kurudisha uamuzi mkononi

Programu zote nilizozitaja hukuruhusu kukataa chaguo-msingi. Katika Excel, bofya mstari kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sehemu ya kuumbiza mfululizo wa data, na humo utakuta aina ya vipande, unene, na umbo la alama. Katika R, lty=1 ni mstari mzima, lty=2 ni vipande, lty=3 ni vitone; pch=1 ni kiduara kilicho wazi na pch=16 ni kilichojazwa; lwd ni unene. Ni maneno machache, lakini kuyaandika mwenyewe kunakulazimisha ujiulize kila mstari unasema nini.

Kuna mambo matatu ambayo mwanafunzi wa historia anapaswa kuyaangalia zaidi. La kwanza ni wingi wa alama. Vipimo vya kila mwezi kuanzia 1896 hadi 2020 ni 1,500. Ukiviwekea alama vyote, hupati mstari bali kiwavi mnene. Alama ziwekwe pale ambapo habari ni chache na kila moja ina mwenyewe, kama zile za wasafiri. Penye vipimo vingi, mstari mtupu unatosha.

La pili ni mapengo. Mahali ambapo daftari halina tarakimu, Excel inaweza kuacha nafasi wazi, kuhesabu sifuri, au kuunganisha pande mbili kwa mstari. Kuhesabu sifuri ni kulikausha ziwa. Kuunganisha ni kujaza kimya cha nyaraka kwa maneno yetu. Kuacha wazi ni kukiri kwamba hapo hakuna shahidi.

La tatu ni ulainishaji. Programu nyingi zina chaguo la kuipinda mistari ili ipendeze. Mstari uliolainishwa huweza kupanda juu ya kilele kilichopimwa au kushuka chini ya bonde lake. Kwa ziwa ambalo rekodi zake hutofautiana kwa sentimita, huo si urembo mdogo. Mwezi Mei 2020, baada ya mvua za miezi mingi, ziwa lilifika 13.42. Hiyo ni sentimita moja tu juu ya rekodi ya 1964. Maji yaliingia katika nyumba na maduka ya Ggaba, Port Bell na miji mingine ya pwani ya ziwa. Mstari uliolainishwa ovyo ungeweza kuupandisha mwaka 1964 juu ya 2020 na kubadilisha jibu la swali la mtihani.

Mwaka 2020 unatufundisha pia kuhusu -ta-. Mtu aliyekuwa na vipimo vya miaka ya kiangazi kile, akaiambia programu iuendeleze mwelekeo mbele, angepata mstari unaoonyesha ziwa likizidi kukauka mwaka hadi mwaka. Excel ya siku hizi huuchora mstari wa mwelekeo kwa vitone bila kuambiwa, na hapo naipongeza. Vitone vinasema: huu ni utabiri, usijenge nyumba juu yake. Miaka 14 baadaye wenye nyumba kando ya ziwa walikuwa wakihama maji.

Siku hizi usawa wa ziwa hupimwa pia kutoka angani. Setilaiti TOPEX/Poseidon ilirushwa mwaka 1992, ikafuatwa na Jason-1 mwaka 2001, Jason-2 mwaka 2008 na Jason-3 mwaka 2016. Kila moja ni shahidi tofauti, na hazisomi ubao wa Jinja. Hupima tofauti na wastani fulani. Grafu nzuri huzipa alama tofauti, moja pembetatu, nyingine mraba, ili msomaji aone mahali shahidi mmoja alipopokewa na mwingine. Mtu akizishona zote kwa mstari mmoja usio na mshono, grafu hupendeza zaidi, na hueleza kidogo zaidi.

Hitimisho

Ninapendekeza kwa wanafunzi wenzangu, na kwa walimu wanaosahihisha kazi zetu, kwamba tuzisome grafu kama tunavyosoma vitenzi. Kila mstari uulizwe kiambishi chake: ulipimwa, ulihesabiwa, au umetabiriwa? Kila alama iulizwe shahidi wake ni nani. Na kila mtindo uulizwe kama umechaguliwa na mtu au umegawiwa na mashine. Anayechora aandike chini ya grafu, kwa sentensi moja ya Kiswahili, mstari mzima unasema nini na wa vipande unasema nini. Ufunguo wenye majina tu hautoshi.

Ziwa Victoria limekuwa na mlinzi wa mwamba, kisha mlinzi wa mstari. Mwamba haukuhitaji kusomwa. Mstari unahitaji, na usiposomwa vizuri hauwezi kumlinda mtu. Mwaka 2006 swali la nani aliyeyatoa maji ya ziwa lilikaa ndani ya nafasi tupu kati ya mstari mzima na mstari wa vipande. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna bahati: lugha yetu ilikwisha kututofautishia kilichokuwa na ambacho kingalikuwa. Kilichobaki ni kuifundisha kompyuta kusema hivyo.